Mfumaji wa Rusimbi na Deni la Watunzi

Lipo neno moja linalowapitikia watunzi wa mwambao kila siku bila kuwauma ulimi. Neno lenyewe ni kutunga. Hutungwa shairi, hutungwa shanga, hutungwa samaki katika ugwe. Kabla mtunzi hajawa mtu wa kalamu alikuwa mtu wa uzi, ameketi jamvini, akitia shanga moja baada ya nyingine. Wala si neno hilo pekee. Husemwa kwamba fulani amefuma hoja, amesuka kisa, amesokota maneno, ametarizi lugha. Mshairi akisifiwa, aghalabu husifiwa kwa kazi ya mkono wa mtu mwingine. Mkopo huu ni wa karne nyingi na hadi leo haujalipwa. Na lililo baya zaidi ni kwamba mkopaji akikutana njiani na mwenye mali, humpita bila ya salamu.

Mwenye mali ni nani? Na atazamwe mmoja, asiyetajwa jina kwa kuwa ni wengi: mwanamke wa Rusimbi, kata ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji, anayefuma vitambaa vya makochi, kofia za watoto wachanga na masweta ya skuli. Hufuma barazani jua likishapunga, kwa sindano mbili za chuma, au kwa moja yenye ndoano kichwani. Hahesabu kwa karatasi. Ua la kitambaa chake lina majani manane, na kila jani lina vishono vyake, na vyote vimo kichwani kama vina vya utenzi vilivyomo kichwani mwa mghani. Akikosea safu ya tatu na akagundua katika safu ya ishirini, hufumua zote na kuanza upya. Ni washairi wangapi wa leo wenye ujasiri huo? Lakini mgeni akiuliza mama huyu anafanya kazi gani, jirani humjibia kwa nia njema kabisa: "Hana kazi, anafuma tu." Hilo "tu" ndilo linaloshitakiwa hapa.

Nchi nyingine zimeifikisha kazi hiyo mahali pengine. Katika jimbo la Maryland, Marekani, kila mwanzo wa Mei tangu miaka ya 1970, hufanyika tamasha la kondoo na sufu. Na mji unaolikaribisha huitwa West Friendship, yaani Urafiki wa Magharibi, jina ambalo Mtanzania wa umri fulani halisikii asikumbuke kiwanda cha nguo cha Ubungo. Rhinebeck, katika jimbo la New York, hulifanya lake Oktoba. Visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa ya Uskochi, vina wiki nzima ya sufu tangu 2010. Watu huenda huko wamevaa walivyovifuma wenyewe. Hushika manyoya yaliyokatwa karibuni, hunusa, huuliza uzi umetiwa rangi ya mzizi gani, na hulipa kwa kishada kimoja cha uzi bei ambayo Rusimbi ingenunua sweta zima na chenji ikabaki.

Habari hizi zikisimuliwa barazani, Unguja au Kigoma, jawabu huwa moja: Wazungu wameshiba, hawana la kufanya. Jawabu hilo lina raha ya mzaha na umaskini wa fikra. Kisiwa chenye tamasha la filamu tangu 1998 na tamasha la muziki tangu 2004, na ambacho Makunduchi yake huupokea Mwaka Kogwa kwa mapigano ya migomba na moto wa kibanda, hakiwezi kusema kwamba kusherehekea ni shibe. Katika sherehe zote hizo uzi huwapo. Lakini huwapo mwilini mwa mchezaji, kichwani mwa mpiga ngoma, kiunoni mwa mwimbaji. Haualikwi kwa jina lake.

Na ichukuliwe, kwa dhana tu, kwamba mfumaji wa Rusimbi amepata nauli, akaingia uwanjani Maryland asubuhi ya Mei. Kondoo hawatamshangaza. Gurudumu la kusokotea halitamshangaza pia, maana mtu wa mikono huielewa mashine ya mkono kwa kuitazama mara moja. Litakalomsimamisha ni kumwona mtu mzima, mwenye mkoba na miwani, ameinama kwa adabu mbele ya bibi kizee anayefuma, akimwuliza kona ile ameipindaje. Ni swali la mwanafunzi kwa mwalimu. Halafu yule bibi atamgeukia mgeni na kuuliza: na uzi wako wewe, mama, unatoka wapi?

Hapo ndipo penye kigugumizi. Uzi wa Rusimbi hutoka dukani, na kabla ya duka hakuna anayejua. Sokoni huitwa sufu, nao hauna hata unyoya mmoja wa kondoo. Ni akriliki, nyuzi zinazotengenezwa viwandani kwa mazao ya petroli. Neno sufu liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu likiwa na mnyama ndani yake. Wapo wataalamu wasemao kwamba hata masufii waliitwa hivyo kwa ajili ya majoho yao ya sufu, na Ujiji, mji ambao tarika ya Kadiria imepiga mizizi, si mahali pa kulichezea neno kama hilo. Mnyama ametoka, neno limebaki. Mfasiri yeyote anaijua hali hii: kopo lenye picha ya samaki na ndani mna misumari.

Lakini aibu ya uzi huo si ya mfumaji. Tanzania ni nchi ya pamba. Kigoma yenyewe imo katika mikoa inayoilima, ingawa si kwa wingi wa Simiyu au Shinyanga. Sehemu kubwa ya pamba hiyo ikishachambuliwa huuzwa nje kabla haijasokotwa. Tabora, kituo kikuu cha reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilijengewa kiwanda cha nyuzi, kikabinafsishwa, kikasimama. Urafiki ilifunguliwa 1968 kwa msaada wa Uchina. Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma zilikuwa majina yaliyosomwa kwenye pindo za vitenge na watoto waliokuwa wakijifunza kusoma. Yaliyowapata yanajulikana, na wachumi wana maelezo yao marefu kuhusu soko huria, umeme na mitumba. Mshairi anatosheka na picha moja: bandari ambayo kwa mlango mmoja yatoka marobota ya pamba mbichi, na kwa mlango wa pili yaingia mabunda ya uzi wa plastiki, na mlinzi aliyesimama katikati anayapigia saluti yote mawili.

Kuna hadithi nyingine ya zamani zaidi, na hii inawahusu wasomaji wa mwambao na visiwa kuliko wanavyopenda. Yapo maandishi, na mengine yametoka huku huku pwani, yanayoisimulia bara kama nchi iliyokuwa uchi mpaka msafara ulipokwenda kuivisha. Pwani ilifuma, bara ikavishwa. Nusu ya kwanza ni kweli na ni fahari. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, alikuta nguo za mji huo zikipelekwa mpaka Misri. Katika magofu ya Kilwa vimefukuliwa vigurudumu vya udongo vya pia za kusokotea uzi. Hariri za Pate ziliwatia Wareno tamaa. Nusu ya pili ni uzushi. Ufipa, kusini mashariki ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa na vitanda vya kufumia vilivyolazwa chini kwa vigingi, na wasafiri wa karne ya 19 waliziona nguo zake nzito za pamba. Unyamwezi nayo ilifuma. Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu Waafrika, aliandika habari za pamba yao na vitanda vyao. Penye baridi ya milima ya Buha na Burundi zilivaliwa nguo za magome ya miti, kama za Buganda ambazo UNESCO ilizitangaza kuwa turathi ya wanadamu mwaka 2005. Watu hawa walikuwa na nguo. Walichokuwa hawana ni mtu wa kuwaandikia.

Na Ujiji? Ujiji ilikuwa tamasha la uzi miaka mia moja na zaidi kabla ya Maryland. Burton na Speke waliingia humo Februari 1858. Katika kitabu chake Burton aliorodhesha nguo za biashara ya bara kwa majina, na orodha yake inasomeka kama ubeti: merikani, kaniki, barsati, dabwani, sahari, subai, joho, kikoi. Kila moja ilikuwa na wake walioitaka na mahali ilipokataliwa. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na mkono ulikuwa mkono kweli, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, ndiyo maana mwenye kununua alikuja na mjomba wake mrefu. Mzigo uliobeba rangi isiyopendwa mwaka ule ulirudi ulivyokwenda, na mfanyabiashara akafilisika. Bara haikuvishwa, ilichagua. Nguo nyingine ziliishia mikononi mwa wafumaji wa Zanzibar kwanza, ili zitiwe taraza za rangi pindoni, kwa kuwa mnunuzi wa mbali alizikataa bila ya taraza.

Cameron alipofika mwaka 1874 aliikuta fedha ya soko la Ujiji ni shanga zilizoitwa sofi, mfano wa vipande vya shina la kiko kilichovunjika. Soko likifunguliwa, watu wenye mikoba ya sofi waliwabadilishia wanunuzi. Soko likifungwa, walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakapata faida kotekote. Fedha hiyo ilitungwa katika uzi. Wenye kutafuta asili za maneno wasikimbilie kuifunga sofi na sufi ya msufi au na sufu; sauti zikifanana si lazima zimetoka tumbo moja. Inatosha kwamba kandokando ya ziwa lile, kutunga kulikuwa ni kuhesabu mali.

Sasa lisemwe lililo zito. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, ushuru asilimia 5, na baada ya hapo nguo nyeupe isiyopaushwa ya viwanda vya Massachusetts ikamiminika Zanzibar kwa merikebu za Salem. Watu waliiita merikani, na jina limebaki mpaka leo. Pamba ya merikani ililimwa kusini mwa Marekani na Waafrika waliokuwa watumwa. Ikafumwa kaskazini, ikavuka bahari mbili, ikapakuliwa Forodhani, ikafungwa mizigo mirefu mithili ya mito ya kulalia, ikabebwa mabegani miezi kadhaa hadi ziwani, na huko ikanunua pembe, na ikanunua watu. Uzi uliotoka mikononi mwa mtumwa ulikwenda kumpata mtumwa mwingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipouadimisha mzigo huo, India na Uingereza zikaleta wao, na njia haikuota majani hata msimu mmoja. Kisiwa kilikuwa ghala ya njia hiyo na karani wake. Kasri, mizinga na milango ya nakshi inayopigwa picha leo ina merikani ndani ya kuta zake. Hivyo mtu wa kisiwani anapomtazama mfumaji wa Ujiji kama mtu wa nyuma aliyechelewa kufikiwa na ustaarabu, na aanze kwa kuukumbuka ushuru.

Ujiji yenyewe imesaidiwa kusahau. Kila mtoto wa skuli anajua kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone pale, akamwamkia kwa sentensi moja ambayo magazeti hayakuchoka nayo. Lipo jengo la kumbukumbu, lipo jiwe, ipo miembe. Lisilowekewa jiwe ni hili: Livingstone alirudi Ujiji Oktoba mwaka huo akakuta ameshakuwa maskini, kwa kuwa mtu aliyekabidhiwa mali yake, ambaye kwa kazi yake alikuwa mshonaji, alikuwa ameiuza yote. Livingstone aliandika kwamba katika yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za shanga hakuachiwa hata yadi moja wala uzi mmoja wa shanga. Daktari wa Kizungu, mashuhuri duniani, alijikuta hohehahe Ujiji kwa kupotelewa na nguo na shanga zake. Kisa kizima cha makutano yale ni kisa cha nguo. Kilichohifadhiwa ni salamu.

Watakuwapo wa kusema: yote hayo ni ya kitanda cha mfumi na mtande na mshindio; lakini sindano mbili na sweta, kitambaa cha kochi, hayo ni ya mishonari na madarasa ya mabibi wa wakoloni, si yetu. Hoja hii husemwa na watu waliovaa kanga. Kanga ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa kitambaa cha kiwandani kutoka ng'ambo. Kwa miongo mingi ilipigwa chapa India, Uholanzi, Uingereza na Japani. Na mfanyabiashara anayetajwa zaidi kwa kuitia maneno ya Kiswahili, mwenye chapa ya Mali ya Abdulla, alikuwa Mhindi wa Mombasa. Nani leo atathubutu kusema kanga si ya Waswahili? Waliifanya yao kwa kuitumia, kwa kuitukania jirani, kwa kumbebea mtoto na kumfunikia maiti. Hata vina na mizani vina nasaba za ng'ambo, na hakuna mshairi aliyewahi kuvirudisha bandarini. Mwanamke wa Rusimbi naye amefanya hivyo hivyo. Hakuna kochi la Kizungu lenye ua lile la majani manane. Limebuniwa sebuleni, likanakiliwa kwa macho nyumba kwa nyumba, bila ya mchoro.

Hoja ya pili husemwa na wenye huruma, nao ni wabaya zaidi. Hawa humwita mfumaji mjasiriamali. Katika maonesho ya Nane Nane, ambayo kwa watu wa Kigoma na Tabora huwa Ipuli, na katika Saba Saba ya Dar es Salaam, kazi yake aghalabu huwekwa banda moja na sabuni ya mawese na chupa za asali, chini ya kitambaa kilichoandikwa jina la mfadhili. Ofisa hupita, hushika sweta, husema akina mama wamejitahidi, hupiga picha, huenda kwenye matrekta. Hakuna aliyeuliza kona imepindwaje. Mshairi anayeuza diwani yake mkononi mwa mtu, kwa shilingi na kwa kubembeleza, hufanya biashara ndogo kuliko ya mfumaji, na hakuna amwitaye mjasiriamali. Yeye ni msanii. Tofauti iko wapi, kama si kwamba mmoja hufuma kwa maneno aliyoyakopa kwa mwenzake?

Na si kazi ya wanawake pekee, jambo ambalo pengine litawazindua wanaume. Kigoma ni mji wa nyavu. Katonga na Kibirizi wapo wanaume, wengine wenye ndevu nyeupe, wanaokaa mchangani siku nzima na bobo la uzi, wakitia fundo juu ya fundo, wakipima jicho la wavu kwa vidole viwili. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapumzike, mikono haikufungwa pamoja nalo. Wavu uliochanika haungojei tangazo. Kazi ya wazee hawa na ya yule mama wa barazani ni moja: uzi mmoja mrefu unaogeuzwa kitu kwa kupitishwa ndani yake wenyewe. Ya mwanamume inaitwa ufundi. Ya mwanamke inaitwa kupitisha wakati.

Inayodaiwa basi ni siku ya uzi, Ujiji, na isiwe banda ndani ya maonesho ya mtu mwingine. Mahali papo, soko lilikuwapo kabla ya watalii. Reli ipo, na mkulima wa pamba wa Kasulu hayuko mbali. Waitwe wafumaji wa Rusimbi na wasuka mikeka, wafunga nyavu wa Katonga, wazee wa Ufipa wanaokumbuka kitanda cha vigingi, washona kofia wa Unguja, wafuma vikoi wa Siyu, na wanawake wa Kirundi na Kikongo waliopokelewa katika kambi za Kasulu na Kibondo ambao mikono yao imevuka mpaka bila ya kuombwa hati. Iletwe pamba iliyosokotwa kwa mkono, hata kama ni kilo mbili, iwekwe karibu na akriliki ya dukani, watu washike zote mbili, waamue. Hotuba ziwe fupi. Mgeni rasmi awe mwenye sindano.

Washairi nao waalikwe, ila wasipewe jukwaa asubuhi. Wakae jamvini kwanza, kila mmoja akabidhiwe uzi uliotatizika, autatue. Atakayefika ncha bila ya kukata, huyo asome shairi lake jioni, na nauli ya kuja ajilipie mwenyewe.